Nani Alifunga Nyaya za Cray?

Kitabu cha Charles J. Murray kuhusu Seymour Cray kina tatizo linaloanzia kwenye jalada. Kinaitwa The Supermen (1997), na kwa jina hilo mwandishi ameshaamua nani atakumbukwa katika historia ya kompyuta kuu: wanaume, tena wachache.

Nimekisoma hapa Moshi, na jamani, habari za usanifu zimenishika kweli. Cray alizaliwa mwaka 1925 Chippewa Falls, mji mdogo wa Wisconsin, akaja kurudi hukohuko kutengeneza mashine zake. Kilichomsumbua ni umbali. Katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, mwanga wenyewe husafiri kama sentimita 30 tu. Ishara ndani ya waya husafiri pungufu. Kwa hiyo Cray-1 akaipinda kama herufi C, ili waya wowote usizidi mita 1.2 hivi. Mtu wa Kibosho au Marangu ataelewa haraka: mfongo ukiwa mrefu maji huchelewa, na mengine hupotea njiani. Ila maji yakichelewa, mgomba husubiri. Kwa Cray, ishara ikichelewa kidogo tu, hesabu imeharibika.

Sasa, nyaya hizo nani alizifunga? Wanawake wa Chippewa Falls, mmoja baada ya mwingine, kwa mkono. Hapo ndipo nilitaka Murray akae. Yeye anavutwa zaidi na wakubwa na kampuni zao. Na sisi tuna tabia hiyo: tunautaja ukoo uliochimba mfongo, wanaousafisha kila mwaka hatuwataji.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa huku hawezi kulipita. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Miaka miwili baadaye Cray-1 ya kwanza ikapelekwa Los Alamos, kwenye maabara ya silaha za nyuklia. Ukiziweka tarehe hizo pamoja, sifa za kitabu zinapungua utamu. Kasi ilipatikanaje, Murray anaeleza vizuri sana. Ilikuwa kasi ya nani, anapita mbio.

Kisome, kinafaa. Mimi bado nasubiri kitabu kitakachoanzia kwenye meza ya yule mama mwenye koleo mkononi: alipimaje waya wake, alilipwa kiasi gani, na je, aliambiwa mashine inakwenda wapi?