Jirani wa Baluku

Simama katikati ya soko la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, siku ya soko, uite "Baluku!" kwa sauti ya juu. Watageuka wengi. Kwa Wakonzo, watu wa milima ya Rwenzori, mtoto wa kiume wa pili ni Baluku, azaliwe Bwera au Kilembe, kwa tajiri au kwa fukara. Kaka yake ni Mumbere. Wadogo zake ni Bwambale, Masereka, Kule, Thembo na Mbusa. Mabinti nao wana mfuatano wao: Masika, Biira, Kabugho, Mbambu, Ithungu. Nyumbani mpangilio huu una raha yake, maana jina tu linakuonyesha nani kamtangulia nani. Lakini mjukuu anayemtafuta baba wa babu yake katika majalada ya miaka ya 1930, ukimwambia "alikuwa Baluku, mwana wa Bwambale", hujamwambia kitu.

Hapo ndipo inapoanza kazi ninayotaka kuisifu: kazi ya kumfuata marehemu kupitia mashauri ya mahakama na karatasi za ardhi. Huku wilayani Kasese huifanya walimu wastaafu, makatekista, makarani wa mawakili, na siku hizi vijana waliorudi kutoka Kampala na madaftari mapya. Hawalipwi, na wengi wao hawaoni kama wanachokifanya ni ufundi. Mimi nasema ni ufundi, tena wa hali ya juu, na msingi wake ni huu: usimtafute mtu, watafute waliomzunguka. Akina Baluku ni wengi. Baluku aliyepakana na Thembo upande wa juu, na kijito upande wa chini, na kaburi la mama yake Kule upande wa machweo, ni mmoja.

Wengi huanzia Rukoki, yalipo makao makuu ya wilaya. Ni mahali pazuri pa kuanzia na pabaya pa kuishia. Ofisi za wilaya zinajua habari za karibuni: maombi ya hati, maamuzi ya bodi ya ardhi, michoro ya viwanja. Ila wilaya yenyewe ilimegwa kutoka Toro mwaka 1974. Kabla ya hapo, mtu wa Busongora aliyekuwa na neno lake alilipeleka kwenye gombolola, ngazi ya chini ya utawala. Likipanda, likafika saza, ngazi iliyo juu yake. Likishindikana huko, likaenda Fort Portal kwenye Rukurato, baraza la ufalme wa Toro. Karatasi zilifuata njia hiyohiyo. Nyaraka kuukuu za wilaya ya Kabarole, ulipo mji huo, sasa zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, hukohuko Fort Portal, ambako zilipangwa na kupigwa picha za kidijitali kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Michigan. Kwa hiyo anayemtafuta Mkonzo hana budi kumtafuta kwa Watooro. Wazee wengine jambo hili linawauma mpaka leo, na wana sababu.

Mwezi Juni 1900 Harry Johnston, kwa niaba ya Uingereza, alitia sahihi mkataba na Omukama Kasagama wa Toro. Mkataba ule uliwapa Omukama na machifu wake mashamba makubwa, ukaiacha ardhi isiyolimwa mikononi mwa dola ya Uingereza, ukaweka na kodi ya kibanda. Mkulima wa mlimani, mwenye migomba yake kwenye mteremko uliosimamiwa na isemalhambo, yaani mzee wa mlima wake, hakuandikiwa hati yoyote. Katika rejesta ya ardhi hayumo. Akiwa hakudai wala hakudaiwa mpaka akafa, ni taabu kumwona popote.

Ndiyo maana mimi naushukuru ugomvi. Mnyonge huingia katika maandishi kwa milango miwili, kodi na kesi. Kodi humpa mstari mmoja: jina, kijiji, kiasi alicholipa. Kesi humpa sauti. Chukua shauri la kawaida kabisa, la aina iliyozijaza mahakama za gombolola. Mdai anasema jirani amesogeza mpaka na kung'oa mmea uliopandwa kuuonyesha, ule wa majani marefu ambao Wachaga huuita isale. Anaulizwa shamba alilipata wapi. Anajibu kuwa alipewa na babake, ambaye alilifyeka wakati msitu ulipokuwa bado unafika mtoni. Nani anajua habari hiyo? Anataja mashahidi: mmoja mjomba wake, mwingine mtu wa ukoo wa Abaswagha aliyehamia kutoka mlima wa pili. Mdaiwa naye anasimama na kusema kwamba mama wa mdai aliolewa akiwa tayari na mtoto, na ardhi ile ilikuwa ya mume wake wa kwanza. Wote wanatia dole gumba. Hukumu inatoka kwa mistari michache, na kwa hakimu jambo limekwisha. Kwa mjukuu anayeisoma leo, pale pana vizazi vitatu, ndoa mbili, ukoo wa mama, safari ya familia iliyohama, na jina la kijito. Hakuna padri wala mtoza kodi aliyewahi kuwauliza watu hawa maswali mengi kiasi hicho.

Fundi wa kazi hii haanzi na hukumu. Huanza na mashahidi, kwa sababu mtu hamwiti shahidi asiyemjua. Huwaandika wote pembeni, kisha huwatafuta katika majalada mengine: huyu aliyemtetea Baluku hapa, kule alidaiwa mbuzi wa mahari na nani? Yule aliyetajwa kuwa jirani, miaka kumi baadaye ardhi yake imo mikononi mwa nani? Polepole mlima mzima unajaa watu, na katikati yao unabaki uwazi unaomtosha mmoja tu. Kisha fundi huondoka mezani. Mahakama za Uganda mpaka leo, katika mashauri ya ardhi, huenda kwenye eneo lenyewe kuona mipaka, na mtafutaji mzuri hufanya vivyo hivyo, nakala mkononi na mzee wa kijiji mbele yake. Asipokwenda atadanganywa na maji. Mto Nyamwamba ulipofurika mwaka 2013, na tena mwaka 2020, ulibeba nyumba na madaraja na kuivamia hospitali ya Kilembe. Shamba lililoandikwa kuwa "linaishia mtoni" zamani zile huenda leo linaishia kwenye mawe makavu.

Yapo na ya majina kupindishwa. Lugha ya ofisi katika Toro ilikuwa Kitooro, na karani aliliandika jina kama sikio lake lilivyolipokea: Thembo akawa Tembo, Ithungu akawa Itungu. Baadhi ya Wakonzo waliotaka shule au kazi walijitwalia majina ya Kitooro pamoja na empaako, jina la heshima la Watooro. Hivyo mtu mmoja anaweza kuwa Baluku nyumbani, Yohana kanisani, na jina la tatu kabisa kwa mkuu wa saza. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kongo, mambo hugeuka tena. Mpaka ambao Uingereza na Ubelgiji waliafikiana mwaka 1910 uliwagawa ndugu. Baluku wa Bwera ana binamu Paluku upande wa Kasindi, Masereka ana Kasereka, Thembo ana Katembo, na karatasi zao ni za Kifaransa. Hapo Kiswahili cha sokoni kinamfaa mtafutaji kuliko shahada yoyote.

Wamarekani wanaowatafuta wazee wao wa enzi za ukoloni wangeielewa kazi hii mara moja. Katika Virginia ya karne ya 17, aliyegharimia safari ya mtu kuja koloni alistahili ekari 50, na majina ya walioletwa yaliorodheshwa kwenye hati yake. Wengi wao hawana kumbukumbu nyingine. Mipaka ilitajwa kwa miti na vijito na majina ya majirani. Sheria ya mwaka 1662 iliwataka wananchi waizungukie mipaka hiyo kila baada ya miaka minne na kuzifanya upya alama zake. Huko nako akina John Smith ni wengi, na mmoja wao hutambulikana kwa anayepakana naye. Moto ulipoteketeza majalada ya kaunti kadhaa mjini Richmond mwaka 1865, wajukuu walianza kuwatafuta wazee wao katika mashauri ya kaunti jirani. Napenda kufikiri kwamba anayefungua jalada la Fort Portal na anayefungua daftari la mahakama ya Virginia wangeweza kubadilishana viti na kazi ikaendelea.

Tofauti ni kwamba kwetu kazi hii imewahi kutikisa dola. Mwaka 1954 mwalimu wa shule ya msingi, Isaya Mukirania, alianzisha chama cha kutafiti historia ya maisha ya Wakonzo. Walipanda milima wakiwauliza wazee habari za koo na za Tibamwenda, Nyamutswa na Kapolya, viongozi wa uasi dhidi ya utawala wa Toro, walionyongwa mwaka 1921. Watu waliokwisha kujua walikotoka hawakukubali tena kuambiwa hawana mahali. Mwaka 1962 wajumbe wao walitoka katika Rukurato, na Rwenzururu, dola yao ya kujitenga na Toro, ikazaliwa. Huko mlimani serikali ya Isaya iliendesha mahakama zake, ikatoza kodi na kutoa stakabadhi, ikaandika mihtasari na barua. Mtafutaji anayeacha kuuliza karatasi za Rwenzururu, zilizofichwa ndani ya masanduku ya bati ya familia, ameacha nusu ya mlima.

Kwa hiyo ufundi huu unataka pia ulimi wenye breki. Jalada la mwaka 1938 si habari iliyokufa. Wajukuu wa mdai na wa mdaiwa wanalima bega kwa bega, na ardhi imekuwa haba. Upande mmoja hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1952, ambayo leo tunaiita Queen Elizabeth, ilitwaa tambarare. Upande wa juu hifadhi ya Rwenzori ilifuata mwaka 1991. Nimeona nakala ya hukumu ya kale ikitolewa mfukoni kwenye kikao cha matanga, na waombolezaji wakaanza kupimana kwa macho. Aliyeipata alikuwa ametafuta kwa bidii na kusoma sawasawa. Alipaswa kwanza kwenda kwa jirani, wakae, waisome pamoja.

Wanaonisikitisha zaidi ni kina Masika na Biira. Wamo katika majalada, lakini karibu kila mara kama mke wa fulani, mjane wa fulani, mama aliyetajwa na shahidi wa upande wa pili. Mara nyingi ni wao walioipanda migomba iliyotumika kama ushahidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ilileta kamati za ardhi za maeneo, na kamati hizo huikagua mipaka mbele ya majirani kabla ya cheti cha umiliki wa kimila kutolewa. Ningemwomba kila anayeshika kalamu katika kamati hizo aandike pia jina la mama wa mwombaji, na mlima alikotoka mama huyo, na kila jirani pamoja na jina la babake. Nafasi kwenye fomu ikiisha, ageuze karatasi aendelee upande wa nyuma.