Sentensi Moja Baada ya Kuanguka

Mimi barafu naijua ile ya kwenye ndoo ya muuza soda. Ziwa lililoganda sijaliona. Lakini tangu kijana mmoja wa mtaa wetu aanze kutuletea kwenye simu yake video za mchezo wa kuteleza kwenye barafu, jioni zangu zimebadilika. Tunakaa watu sita, saba, wengine kwenye mkeka, wengine juu ya madumu, simu imeegemezwa kwenye jagi, na kila mtu ni mwamuzi.

Kwa ambaye hajauona, mchezo wenyewe ni huu. Mchezaji anavaa viatu vyenye kisu cha chuma chini ya soli, anateleza kwa muziki, halafu anaruka. Hewani anazunguka mara mbili, tatu, siku hizi hata nne, kisha anatua kwa mguu mmoja akirudi kinyumenyume. Waamuzi wanampa alama za ufundi, yaani miruko na mizunguko, na alama nyingine za namna alivyoupamba mchezo. Kwa hiyo mtu huyo anatazamwa mara mbili kwa wakati mmoja: kama mwanariadha na kama picha. Hapo ndipo maneno yanapoanza.

Leo sitaki kuchambua mchezo. Nataka kuchambua sentensi moja.

Sentensi hiyo aliisema Gracie Gold, Mmarekani, mwezi wa kumi 2016. Huyu si mtu mdogo. Alikuwa bingwa wa nchi yake 2014 na tena 2016. Kule Sochi, kwenye Olimpiki ya 2014, alipata shaba pamoja na timu yake, na peke yake akawa wa nne. Mwanzoni mwa 2016, kwenye mashindano ya dunia ya Boston, aliongoza baada ya sehemu ya kwanza, halafu akashuka hadi nafasi ya nne. Miezi michache baadaye akaja Skate America, karibu na Chicago. Miruko ikamkataa, akaanguka, akamaliza wa tano. Waandishi wakamzunguka wakitaka kujua kumetokea nini. Naye akawajibu, kwa maneno yangu mimi, kwamba wachezaji wanene hawaonekani katika mchezo huu na kuna sababu yake, na kwamba jambo hilo la uzito limemsumbua mwaka mzima na hata misimu ya nyuma.

Hebu tuisome taratibu, kama tunavyosoma shairi darasani. Mtu ameanguka, ameulizwa kuhusu miruko, na jibu lake ni mwili. Hakusema aliondoka barafuni kwa kuchelewa, wala kwamba bega liliinama, wala kwamba moyo ulikuwa mzito. Kisha akasema "kuna sababu". Sababu ya nani? Hapo sentensi haina mwenyewe. Ni kama ile "wanasema" yetu ya kambini. Wanasema mgao utapunguzwa, wanasema fulani amepata safari, na ukiuliza ni akina nani wanaosema, kila mtu anaangalia chini.

Basi tuitafute hiyo sababu, maana kama ni ya kweli tuiheshimu.

Tuanze na mruko wenyewe. Mruko mmoja unakaa hewani zaidi kidogo ya nusu sekunde. Muda huo hautegemei kilo. Angusha jiwe kubwa na jiwe dogo kutoka juu ya paa, yatafika chini pamoja. Kinachoamua utakaa juu muda gani ni kasi uliyoondoka nayo, na kasi hiyo inatoka kwenye misuli ya mapaja, kwenye goti, kwenye ufundi wa kisu. Misuli nayo ina uzito. Anayeikondesha miguu yake anaondoa mzigo, lakini anamwondoa na mbebaji.

Kuzunguka ni habari nyingine, na hapa niseme ukweli wote. Mchezaji akikunja mikono kifuani, anazunguka haraka. Akiifungua, anapunguza kasi. Jambo kubwa ni mwili umesambaa kiasi gani kutoka katikati yake. Ndiyo maana mtoto mwenye mabega na nyonga nyembamba anapata mizunguko mingi kwa nguvu ndogo. Akivunja ungo, mwili unapanuka, na mruko alioujifunza akiwa na miaka 13 inabidi aujifunze upya. Na kila akitua, mguu mmoja unapokea nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa. Kwa hiyo anayesema mwili hauna uhusiano na mruko, anadanganya. Uhusiano upo.

Lakini angalia fizikia inazungumzia nini: upana, nguvu, wakati, ukuaji. Haijataja unene popote. Neno hilo limeletwa na watu.

Ushahidi wangu ni Surya Bonaly. Siku tuliyomtazama, mkeka mzima ulisimama, maana ni mwanamke mweusi, mzaliwa wa Nice, Ufaransa. Alikuwa bingwa wa Ulaya mara tano mfululizo, 1991 hadi 1995, na wa pili duniani mara tatu, 1993, 1994 na 1995. Alikuwa anaruka kuliko karibu wanawake wote wa wakati wake. Sasa, kama kweli mashaka ya watu yalikuwa kuhusu mruko, huyu angepigiwa makofi tu. Kumbe hapana. Kwake walisema ana nguvu mno, ni mwanariadha zaidi kuliko msanii, hana ulaini. Mwaka 1994, kule Chiba, Japani, alipopewa fedha tena, alilia na kuivua medali shingoni palepale jukwaani. Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya Nagano, akijua alama zitakatwa, alipiga sarakasi ya kurudi nyuma iliyokuwa imekatazwa na kutua kwa mguu mmoja. Watu walishangilia. Waamuzi wakakata.

Weka sasa hao wawili pamoja. Mmoja akianguka, kosa ni mwili wake, eti umezidi. Mwingine hata akitua, kosa bado ni mwili wake, eti una misuli. Mizani inayokupa kosa ukipanda na kosa ukishuka si mizani ya mruko. Ni macho ya watu, na macho hayo yamevaa koti la ufundi ili yasiulizwe.

Na maneno haya yanalipiwa. Yulia Lipnitskaya wa Urusi alikuwa na miaka 15 alipopata dhahabu ya timu kule Sochi. Dunia nzima ilimkumbuka yule mtoto mwenye vazi jekundu anayejikunja kama uzi. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba ameacha mchezo kwa sababu ya anoreksia, ugonjwa wa kuogopa kula. Alikuwa na miaka 19. Wanaume nao hawakupona. Adam Rippon wa Marekani, aliyepata shaba ya timu kwenye Olimpiki ya 2018, alieleza mwaka huohuo kwamba kuna kipindi alikuwa anaishi kwa vipande vichache vya mkate kwa siku, kwa sababu alijiona mnene akijilinganisha na vijana wembamba walioshindana naye.

Nilipofika hapo, jirani yangu, mama wa watoto watano, alinikatiza. "Mwalimu, ngoja. Chakula iko, na anaikatala?"

Nikasema ndiyo, Mama.

"Nani alimukataza?"

Sikuwa na jibu fupi. Hapa kwetu mtu akirudi kutoka hospitali tunamwambia "umekonda" kwa huruma, na aliyenenepa tunampongeza kwamba maisha yamemkubali. Tumeshakula mara moja kwa siku bila kuchagua. Mtu aliyewekewa sahani halafu akaiogopa anatushangaza. Lakini swali la mama ni sahihi kuliko yote yaliyoandikwa juu ya mchezo huu. Nani alimkataza? Hakuna aliyeweka mkono juu ya sahani. Ni neno dogo la kocha, neno dogo la mtangazaji, jicho la mwamuzi, picha ya mwenzake, mpaka siku moja mtu mwenyewe analisema mbele ya waandishi, kabla hajaambiwa. Ndiyo maana nasema sentensi ya Gold haikuwa ya Gold. Alikuwa anaikariri.

Najua kuna msomaji atanipinga, hasa ndugu zetu wa mashirika ambao kazi yao ni kupima. Atasema, Mwalimu, kocha afanye nini sasa, anyamaze? Mbona hata kituoni tunapima watoto? Pingamizi ni la haki, na jibu lake liko palepale kituoni. Muuguzi anamfunga mtoto ile tepe ya rangi kwenye mkono, anasoma, anaandika kwenye kadi, anazungumza na mama yake. Hatoki nje kuwatangazia walio kwenye foleni. Na kipimo kikishuka, mtoto anaongezewa chakula. Kipimo kile kina siri, kina sababu inayojulikana, na mwisho wake ni kumlinda anayepimwa. Maneno ya hadharani juu ya mwili wa mchezaji hayana hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Tena si kweli kwamba wanaoweza kuruka ni watoto wembamba peke yao. Elizaveta Tuktamysheva wa Urusi alikuwa bingwa wa dunia 2015, akashuka, akaachwa nje ya timu, watu wakamfuta. Mwaka 2021 kule Stockholm, akiwa na miaka 24, mwili wa mtu mzima, aliruka ule mruko mgumu unaoitwa akseli wa mizunguko mitatu na nusu, akarudi na fedha ya dunia. Hata wakubwa wa mchezo waliona tatizo. Mwezi wa sita 2022 shirikisho la kimataifa, ISU, lilipiga kura kupandisha umri wa chini wa mashindano ya wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17, kwa hatua. Sheria hiyo ni nzuri, lakini haiwezi kufika mdomoni mwa mtangazaji.

Sasa niseme langu, maana si vizuri kuchambua mdomo wa wengine na kuficha wangu.

Mimi nafundisha michezo. Miaka michache nyuma nilikuwa na msichana wa kuruka juu, mwenye mguu mzuri kuliko wavulana. Siku moja aligonga ufito mara tatu. Mbele ya wenzake nikasema, kwa mzaha, kwamba angepunguza ugali angepita. Ilikuwa miezi ile mgao umekatwa. Watoto walicheka, na yeye alicheka. Hakurudi tena mazoezini. Nilipokutana naye bombani nikamuuliza, akasema kazi za nyumbani ni nyingi. Nikakubali haraka, kwa sababu jibu hilo lilinifaa.

Kosa lake siku ile nilikuwa nimeliona kwa macho yangu: alikuwa anaanza kukimbia mbali mno, akifika kwenye ufito hatua imeshakufa. Ningesema "sogea hatua moja mbele" angepita. Hiyo ndiyo kazi ya kocha, na ndiyo kazi ya mtangazaji, na ndiyo kazi yetu sisi tunaojiita wachambuzi. Kusema kilichotokea kwenye mruko ni kazi ngumu, inataka uwe umetazama. Kusema mwili ni rahisi, hata aliyelala anaweza.

Gold alipelekwa kutibiwa mwaka 2017, kwa ugonjwa wa kula, wasiwasi na huzuni nzito. Mwaka 2020 alirudi kwenye mashindano ya taifa lake. Akawa wa 12, na ukumbi ukasimama kumpigia makofi. Mwaka 2024 alitoa kitabu cha maisha yake. Jina la kitabu ni neno moja refu la Kiingereza lisilo na nafasi ndani yake, *Outofshapeworthlessloser*. Ukilikata vipande unapata mtu aliyeharibika umbo, asiye na thamani, aliyeshindwa. Naona alifanya vema kuyaacha yameshikana, kwa sababu hivyo ndivyo yanavyoingia kwa mtu. Hayaji moja moja. Unaambiwa la kwanza kwa mzaha, na hayo mawili yanafuata yenyewe usiku.

Jioni ya juzi kijana alileta tena simu. Mchezaji mmoja akaanguka, na mtu mkekani akafungua kinywa: "Si unaona vile..." Mama wa watoto watano akamgeukia. "Unaona nini? Sema mguu ulifanya nini."

Yule mtu akaomba video irudishwe nyuma. Tukaitazama mara ya pili, wote tukiangalia mguu.