Chombo Bora Hujulikana Programu Inapogoma

Mwaka 2024 wateja wa LUKU, mfumo wa umeme wa kulipia kabla nchini Tanzania, walitakiwa kuboresha mita zao kabla ya Novemba 24. Wenzao wa Kenya nao walipewa siku hiyo hiyo. Aliyenunua umeme alipokea tarakimu nyingi kuliko alizozoea: seti mbili za tarakimu 20 za kuibadilisha mita, kisha seti ya tatu ya umeme wenyewe. Chanzo kilikuwa hesabu. Kila tokeni ya umeme, yaani ile seti ya tarakimu 20, hubeba idadi ya dakika zilizopita tangu Januari 1, 1993, na idadi hiyo ilitengewa biti 24 tu. Biti 24 hujaa baada ya dakika 16,777,216, ambazo ni karibu miaka 32.

Ndani ya kila mita ya namna hiyo mna maikrokontrola, chipu moja iliyobeba kichakataji, kumbukumbu na njia za kuwasiliana na waya za nje. Chipu za aina hiyo zimo pia katika mashine za kufulia, magari na mitambo midogo ya sola. Programu iliyo ndani yake mara nyingi haina skrini ya kutangaza kosa, na hutegemewa ifanye kazi kwa miaka bila kuguswa na fundi. Kwa hiyo anayechagua vifaa vya kuandikia programu hizo ana swali moja la kutanguliza: siku programu ikigoma, kifaa hiki kitamwonyesha nini?

Wengi hutanguliza swali jingine: ni kifaa kipi kitawasha taa ya majaribio haraka? Kwa hilo bodi ya Arduino inastahili sifa zote ilizopewa. Ilizaliwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, katika chuo cha usanifu, ikajengwa juu ya kazi ya Hernando Barragán iliyoitwa Wiring. Mwanafunzi asiyejua lolote kuhusu elektroniki huchomeka kebo ya USB, hubonyeza kitufe kimoja, na taa huanza kuwaka na kuzima. Milango iliyofunguliwa na bodi ile ni mingi, na hakuna sababu ya kuibeza.

Shida huanza kazi inapokuwa ngumu. Katika matoleo ya awali ya programu ya Arduino, fundi alikuwa na shahidi mmoja tu, nao ni maandishi yanayotumwa kwenye kompyuta kwa amri ya Serial.print. Kwa kasi ya kawaida ya 9600, herufi moja huchukua takriban milisekunde moja kupita kwenye waya. Sentensi ya herufi 30 huchukua milisekunde 30, na katika muda huo chipu ya bodi ya Arduino Uno, inayokwenda kwa megahezi 16, imeshapiga mizunguko karibu laki tano. Kosa lililotokea katikati ya mizunguko hiyo halionekani. Wakati mwingine kuongeza mstari wa kuchapisha hubadilisha mwendo wa programu kiasi kwamba kosa hutoweka, kisha hurudi mstari ukiondolewa.

Hapo ndipo diboga inapoonyesha thamani yake. Diboga huisimamisha chipu katikati ya kazi, ikasoma kumbukumbu yake na kumwonyesha fundi mstari ambapo programu imesimama. Kwenye chipu za familia ya Cortex-M ya kampuni ya Arm njia yake huitwa SWD, na huhitaji waya mbili tu pamoja na wa ardhi. Bodi za Nucleo za kampuni ya ST huja na diboga yake, ST-Link, ikiwa imeshaunganishwa. Programu ya OpenOCD, iliyoanza kama kazi ya kuhitimu ya mwanafunzi wa Ujerumani, Dominic Rath, huzungumza na diboga za aina nyingi bila malipo.

Uno pia ina mlango wa namna hii, debugWIRE, lakini masharti yake yanachosha. Kwanza lazima kiunganishi kimoja kikatwe kwenye bodi, kwa sababu kapasita iliyo kwenye pini ya RESET huzuia mawasiliano. Tena kila kituo cha kusimama huandikwa ndani ya flashi, kumbukumbu inayohifadhi programu, ambayo mtengenezaji ameikadiria mara 10,000 za kufutwa na kuandikwa. RP2040, chipu ya Raspberry Pi Pico, ina vituo vinne vilivyojengwa ndani ya kila kiini chake, na kuvitumia hakugusi flashi.

Diboga nayo hupimwa. Weka kituo ndani ya intarapti (msimbo unaokatiza programu kuu), achilia programu iende, kisha tazama kinachoonyeshwa inaposimama. Chombo dhaifu hutoa anwani kama 0x40011000 na safu ya tarakimu, fundi akabaki kupekua karatasi za maelezo. Chombo bora hutaja rejista kwa jina na kuonyesha kila biti yake. Programu ikianguka, hutaja pia ni kazi (funksheni) ipi iliyoita kazi ipi hadi hapo ilipofika. Tofauti hiyo humwokolea mtu siku nzima.

Kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu ya chipu, ichunguzwe kwa ripoti yake. Mfano wa taa katika Arduino 1.8 hutoa taarifa kwamba programu imetumia baiti 924 kati ya 32,256, na vigeu baiti 9 kati ya 2,048. Taarifa hiyo ni nzuri, ila haihesabu nafasi inayotumika kazi zinapoitana programu ikiwa mbioni, na katika RAM ya kilobaiti 2 nafasi hiyo ndiyo huua. Anayejua kazi hudai faili la ramani linaloonyesha kila kitu kilipokaa. Huangalia pia mipaka ya leseni: kwa miaka mingi toleo la bure la vifaa vya Keil lilikomea kilobaiti 32 za msimbo, kiwango ambacho mradi wa kweli hukivuka upesi. Kompaila ya bure ya GCC haina mpaka wa namna hiyo.

Bodi za bei ya chini zina mtego wao. Blue Pill maarufu hutangazwa kuwa na chipu ya STM32F103 ya ST, lakini nyingi hubeba nakala. OpenOCD husubiri utambulisho 0x1ba01477. Nakala iitwayo CS32 hujibu 0x2ba01477, na kazi husimama hapo hapo. Mgeni hudhani amekosea kuunga waya.

Umri wa chombo nao ni sehemu ya ubora. Mbed, jukwaa la programu la kampuni ya Arm, ilipendwa kwa sababu mtu aliandika programu ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Mwaka 2024 Arm ilitangaza kwamba Mbed ingefikia mwisho wake Julai 2026. Kifaa kilichofungwa ukutani kinaweza kuishi zaidi ya kompaila iliyokitengeneza, kwa hiyo chombo kinachofaa ni kile kinachohifadhika kwenye diski na kufanya kazi bila bando. Espressif, kampuni ya chipu za ESP32, hutangaza mapema kwamba kila toleo thabiti la vifaa vyake vya programu, ESP-IDF, litahudumiwa kwa miezi 30, na uwazi huo ni wa kupongezwa.

Kwa mwenye fedha kidogo, chaguo bora ni Pico mbili. Ilipotoka Januari 2021, moja iliuzwa dola 4. Mojawapo hupakiwa programu inayoigeuza diboga ya mwenzake, zikaunganishwa kwa waya chache, na GCC na OpenOCD hukamilisha karakana bila leseni hata moja. Anayehitaji Wi-Fi achukue ESP32-C3 au S3, ambazo zina diboga ndani ya chipu yenyewe, inayofikiwa kwa kebo ya USB. Kwa bodi yoyote ya Cortex-M, mnunuzi aulize kabla ya kulipa kama pini za SWD zimetolewa nje. Kama hazipo, atafute bodi nyingine.