Kuitoa AC kwenye Haisi Kuukuu: Angalia Gesi, Usisahau Breki

Haisi nyingi zinazobeba abiria kwetu zilishuka bandarini kutoka Japani zikiwa na AC mbili: moja kwenye dashibodi, nyingine darini juu ya siti za nyuma. Zikishakuwa daladala, madirisha hukaa wazi kutwa, gesi ikiisha haijazwi tena, na mtambo mzima unabaki kuwa mzigo. Mwenye gari akiamua kuutoa, sababu anayoitaja kwanza ni mafuta. Hapo sikubaliani naye. AC ikizimwa, klachi ya kompresa huachia, na kinachobaki kikizunguka ni puli tupu isiyokula mafuta ya kuhesabika. Sababu zenye uzito ni nyingine: beringi ya puli hiyo ikikwama, mkanda unakatika, kondensa iliyoziba kwa tope na wadudu mbele ya rejeta inaikosesha upepo, na boksi la darini linagonga abiria vichwa.

Gari ninalolichambua ni Haisi ya kizazi cha H100, dizeli, injini ya 3L. Kabla ya kushika spana, fundi wa AC alifunga mashine ya kunyonya gesi na kuiingiza kwenye mtungi. Hatua hii wengi huiruka. Hulegeza nati na kuiacha gesi ipige mluzi mpaka iishe, na hilo ni kosa kubwa. R-134a, gesi ya AC hizi, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo ikiruka usoni inaunguza ngozi na jicho kwa baridi. Ni nzito kuliko hewa. Ikijaa kwenye shimo la gereji, aliye chini anakosa pumzi. Ikikutana na moto inazaa tindikali yenye sumu. Tena, kilo moja yake hulipasha anga joto sawa na takriban kilo 1,430 za kabonidayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100, ndiyo maana nchi zilikutana Kigali mwaka 2016 zikakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Gari la mwanzoni mwa miaka ya 1990 linaweza kuwa bado na R-12, inayoharibu tabaka la ozoni. Soma kibandiko kabla ya kufungua chochote.

Kompresa yenyewe haikusumbua. Kwenye gari hili ilikuwa na mkanda wake peke yake, ukatoka pamoja na puli ya kukazia. Pale ambapo mkanda mmoja unazungusha kila kitu, lazima itafutwe puli ya kuziba pengo au mkanda mfupi unaopita njia sahihi, la sivyo pampu ya maji au alteneta itabaki bila kuzungushwa.

Kilichonifanya niandike ni mpira mmoja mwembamba. AC inapowashwa, injini ya 3L inayonguruma bila kukanyagiwa mafuta huongezewa mzunguko kidogo na kikombe chenye kiwambo cha mpira, ili isizimike kwa mzigo wa kompresa. Kikombe hicho hufanya kazi kwa vakyumu, na vakyumu hiyo inatoka kwenye pampu iliyo mgongoni mwa alteneta, ileile inayolisha busta ya breki. Ukiondoa vali ya AC inayopeleka vakyumu kwenye kikombe hicho na kuuacha mpira wake wazi, pampu inavuta hewa ya nje, busta inakosa nguvu, na pedali inakuwa ngumu gari likiwa limejaa watu. Fundi aliuziba mpira kwenye maungio yake kwa kizibo na klipu, kisha akapima: injini ikiwa imezimwa alikanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali ikakaza, akaishikilia, akawasha injini. Pedali ilizama kidogo chini ya mguu wake. Isingezama, gari lisingetoka gereji.

Kwa upande wa umeme, alitoa fyuzi na relei, kisha akaziba ncha ya waya wa klachi kwa utepe na kuifunga mbali na bomba la moshi. Feni ya dashibodi aliiacha. Eveporeta ya mbele nayo aliiacha ndani ya boksi lake, na nadhani alifanya vyema: ukiitoa bila kuziba pengo, upepo unaishia miguuni badala ya kufika kwenye kioo. Msimu wa mvua kioo hupata ukungu, na bila AC ya kukausha hewa, hita inayofanya kazi ndiyo msaada wako.

Boksi la nyuma liliteremshwa na mabomba yake. Matundu yaliyobaki sakafuni aliyaziba kwa vizibo vya mpira na silikoni, maana hapo ndipo vumbi na moshi wa ekzosi hupenya. Mabomba aliyafungua kwenye nati zake, hakuyakata kwa msumeno, kwa hiyo atakayelinunua gari baadaye anaweza kuyarudisha.

Kama kompresa yako bado inapoza, beringi haipigi kelele na rejeta haichemki, iache AC mahali pake. Kama imekufa, itoe. Ila mlipe kwanza fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi, na usiliondoe gari gereji kabla hujaona breki ikipimwa.