Spishi 1,388 katika Kitabu Kimoja

Gawanya 3,400 kwa 1,388. Unapata mbili na nusu, kasoro kidogo. Hiyo ndiyo bajeti waliyokuwa nayo Terry Stevenson na John Fanshawe walipotoa Birds of East Africa mwaka 2002: michoro 3,400 ya rangi, iliyopangwa kwenye kurasa za picha 287, kwa spishi 1,388 za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Kila ndege, kwa wastani, alikuwa na haki ya michoro miwili na kidogo, na kila ukurasa wa picha ulilazimika kubeba spishi karibu tano. Anayejiuliza kwa nini kitabu hiki hakijatoka kwenye mikoba ya waongoza watalii kwa zaidi ya miaka ishirini na aanze na hesabu hiyo, maana uzuri wake mwingi umetoka humo, na kasoro zake nyingi pia.

Vilivyotangulia vilikuwa vya aina nyingine. Mwaka 1952 na 1955 Mackworth-Praed na Grant walitoa juzuu mbili nene kuhusu ndege wa mashariki na kaskazini-mashariki ya Afrika. Elimu ilikuwa tele, lakini ile ilikuwa kazi ya mezani, si ya kutembea nayo msituni. Mwaka 1963 John G. Williams, aliyekuwa mhifadhi wa ndege katika Makumbusho ya Coryndon mjini Nairobi, akaja na kitabu cha mfukoni, na mwaka 1980 akatoa kingine pamoja na mchoraji Norman Arlott. Vitabu hivyo viwili vililea watazamaji wengi wa ndege wa Afrika Mashariki, na si haki kuvibeza. Ila vilikuwa na pengo kubwa: ndege wengi hawakuchorwa. Walitajwa kwa mistari michache chini ya jamaa zao, na msomaji akaachiwa kazi ya kuwafikiria.

Msomaji hafikirii. Akiona ndege wa kijani kijivu akipenya kichakani, hutafuta picha inayomkaribia, akishaipata anafunga kitabu na kuandika jina. Kwa hiyo kitabu kinachoonyesha sehemu tu ya ndege hakimpi mtu sehemu ya jibu. Kinampa jibu kamili lenye makosa, kwa sababu picha iliyopo huwameza wote wasio na picha. Ndiyo maana uamuzi wa Stevenson na Fanshawe wa kumchora kila ndege, awe wa kawaida au wa nadra, hauhusiani na urembo. Kitabu cha kutambulia ndege hufanya kazi kwa kuondoa: si huyu, si yule, basi ni huyu. Huwezi kumwondoa usiyemwona.

Njia hiyo ya kuondoa ina historia yake. Mwaka 1934 Roger Tory Peterson, kijana Mmarekani aliyekuwa bado hajatimiza miaka 26, alichapisha kitabu cha ndege ambacho nakala zake 2,000 za kwanza ziliisha upesi. Waandishi waliomtangulia walikuwa wakieleza ndege aliyeshikwa mkononi, unyoya kwa unyoya, yaani ndege ambaye bunduki ilikuwa imeshapita kwake. Peterson alichora ndege aliye mbali. Aliwapanga wanaofanana ubavu kwa ubavu, wote wakitazama upande mmoja, bila matawi wala mandhari, kisha akaweka kistari kidogo kinachoelekeza jicho kwenye alama inayowatenganisha. Miaka 32 baadaye, mwaka 1966, kitabu kingine cha Marekani, kilichoandikwa na Chandler Robbins na wenzake na kuchorwa na Arthur Singer, kiliongeza jambo ambalo leo tunaliona la kawaida: picha, maelezo na ramani kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Mtu hakuhitaji tena kufunua huku na huko wakati ndege anaondoka.

Kitabu chetu kilirithi kurasa zinazotazamana na kuviacha vile vistari vya Peterson. Ninavyoona mimi, kuviacha kulikuwa na sababu. Kistari kinafaa pale ambapo alama moja inamaliza ubishi: utepe mweupe bawani, doa jekundu shingoni. Ukifika kwa korofindo wa msituni, wale wa kijani iliyofifia wanaojificha kwenye majani ya chini, hakuna alama moja ya kuelekezea. Kuna umbo la mdomo, namna ya kukaa, rangi ya koo ikilinganishwa na ya kifua, na mwinuko wa mahali uliposimama. Kistari kingedanganya kwamba mambo ni rahisi. Lakini kwa bata na kwa ndege wa pwani vingesaidia sana, na hapo naona waandishi walijinyima bure.

Rudi kwenye michoro miwili na nusu. Wastani huo hauonekani kwenye kurasa zenyewe, na hapo ndipo penye ufundi. Mtazame pungu, yule tai mwenye mkia mfupi anayeyumba angani juu ya mbuga. Dume aliyekomaa ana ukingo mpana mweusi nyuma ya bawa. Jike ana ukingo mwembamba na sehemu kubwa nyeupe mbele yake. Pungu mchanga ni wa kahawia, hana uso mwekundu, mkia wake ni mrefu kuliko wa mzazi, na huchukua miaka kadhaa kabla ya kupata rangi za utu uzima. Ndege mmoja, sura nyingi, na karibu zote utaziona kwa chini, kwa mbali, kwa sekunde chache. Michoro miwili na nusu haimtoshi. Inabidi achukue ya wengine, na wanaotoa ni wale ambao dume na jike hawatofautiani, korofindo wengi wakiwemo. Michoro ikahama kutoka msituni kwenda angani. Huo ni uhariri, ingawa hakuna mahali ulipoandikwa.

Kisha kuna suala la nani anachora, na anatazama nini anapochora. Arlott, yule wa kitabu cha 1980, alirudi katika kazi hii, safari hii akiwa na Brian Small na John Gale. Mchoraji mmoja kwa michoro 3,400 angezeeka mezani. Wakiwa watatu, hatari ni kwamba mkono mmoja hupenda rangi nzito na mwingine nyepesi, na msomaji akalinganisha ndege wawili wa wachoraji tofauti akidhani analinganisha manyoya. Linganisha ndani ya ukoo mmoja, na uwe mwangalifu unaporuka kutoka ukoo hadi ukoo.

Wachoraji wa vitabu vya namna hii hutegemea sana ngozi za ndege zilizokaushwa na kujazwa pamba, zilizolazwa kwenye droo za makumbusho. Ngozi hutunza manyoya vizuri kwa miaka mingi. Haitunzi macho, wala rangi ya miguu, wala ya ngozi tupu ya usoni. Hizo hufifia mara ndege anapokufa, na mahali pa jicho huwa pamba tu. Sasa chukua zogoyogo, wale ndege wa kahawia wanaotembea kwa makundi wakipayuka vichakani. Yupo mwenye jicho la manjano lililozungukwa na wekundu, na yupo mwenye jicho jeupe kabisa. Kwenye darubini jicho hilo ndilo la kwanza kukutazama, na ndilo linalotenganisha spishi hizo mbili upesi kuliko mabaka ya kifuani. Droo ya makumbusho haiwezi kumwambia mchoraji habari hiyo. Lazima itoke kwenye picha za kamera, kwenye vibandiko vya wakusanyaji walioandika rangi ya jicho papo hapo, au kwa mtu aliyekaa na ndege hao. Ndiyo sababu ilikuwa na maana kubwa kwamba waandishi walikuwa watu wa porini.

Ramani nazo hudharauliwa kwa udogo wake. Nchi hizi tano zina eneo la kilomita za mraba karibu milioni 1.8, na kutoka magharibi hadi mashariki ni zaidi ya kilomita 1,400. Ukiziweka kwenye ramani yenye upana wa sentimeta mbili, kila milimita inabeba kilomita 70 hivi. Msitu wa Arabuko-Sokoke, pale kati ya Kilifi na Malindi, una kilomita za mraba takriban 420. Kwenye ramani hiyo ni ncha ya sindano. Na humo ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke, ambaye anajulikana pia katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Anayelalamika kwamba ramani haimwonyeshi aende njia gani anaidai kazi isiyo yake. Ramani imewekwa ili imwambie mtu aliyeko Arusha, ambaye ameona bundi mdogo mwekundu kwenye mgunga, kwamba huyo si wa Sokoke. Kusema hapana kunahitaji milimita chache tu. Kusema ndiyo kunaachiwa maelezo: aina ya msitu, mwinuko kwa mita, na sauti.

Sauti ndiyo sehemu dhaifu, na haikuwa na dawa. Sistikola, wale ndege wadogo wa nyasini wenye michirizi ya kahawia, wana spishi nyingi katika ukanda huu, na kadhaa zimefanana kiasi kwamba mchoraji bora hawezi kukusaidia. Wenyewe hutambuana kwa sauti. Kitabu kikajitahidi: kila ndege akapewa sehemu fupi ya mlio ulioandikwa kwa herufi. Herufi hizo ni za msikilizaji Mwingereza. Msomaji aliyezoea kutamka kila irabu kama ilivyoandikwa anapata wimbo mwingine kabisa, na nimewahi kusikia mjadala mrefu wa watu wawili waliosoma mstari uleule, kila mmoja akiimba ndege wake. Baadaye ikaja programu ya simu iliyotumia michoro ya kitabu hiki na kuongeza sauti zilizorekodiwa, na kwa sistikola peke yao nafasi iliyochukua kwenye simu ilikuwa imelipwa.

Lawama yangu kubwa iko kwingine. Kumchora kila ndege maana yake ni kumchora hata mgeni aliyepeperushwa na upepo akaonekana Afrika Mashariki mara moja au mbili. Mgeni huyo anakaa kwenye ukurasa uleule na ndege wa kila siku, na anayeanza hana njia ya kujua kwa jicho nani anatarajiwa na nani ni ajali. Anayesoma sentensi ya hali na makazi atajua, lakini aliye na darubini mkono mmoja huanza na picha, na mara nyingi huishia hapo. Nchi tano nazo zinaongeza uzito. Mtu wa Bagamoyo anafungua ukurasa wa ndege wa msituni na kukuta nusu yao ni wa Bwindi na Nyungwe, ambako huenda hatafika. Kitabu cha Zimmerman, Turner na Pearson cha mwaka 1996 kilikomea Kenya na kaskazini mwa Tanzania, kikapata nafasi ya kueleza kwa kina zaidi. Kwa anayeishi Nakuru au Moshi bado nakishauri kwanza, ingawa toleo lake kubwa si la kubeba begani. Stevenson na Fanshawe walichagua upana na kulipa kwa kina. Kwa mwongoza watalii anayevuka mipaka uchaguzi huo ni sahihi. Kwa mwanafunzi wa shule ya kata ni mzigo.

Toleo la pili lilitoka mwaka 2020, na muda uliopita kati ya matoleo hayo unaonyesha kile ambacho karatasi haiwezi kukimbiza. Mnana wa Kilifi, anayejulikana katika Arabuko-Sokoke na misitu ya Dakatcha tu, alikuwa hajulikani anakozalia hadi mwaka 2013, viota vyake vilipopatikana kwenye bwawa huko Dakatcha. Kitabu cha 2002 kilimchora vizuri bila kujua hilo.

Mto Kilombero wa Tanzania ni kisa kizuri zaidi. Katika miaka ya 1980 Neil na Liz Baker, walioanzisha atlasi ya ndege wa Tanzania, walikuta kwenye uwanda wa mafuriko wa mto huo ndege ambao hawakuwemo katika orodha yoyote. Mnana wa Kilombero alipewa jina la kisayansi mwaka 1990. Sistikola wawili wa matete walisubiri hadi 2021, mwaka mmoja baada ya toleo la pili. Maana yake ni kwamba Stevenson na Fanshawe walipowatia kitabuni mwaka 2002, waliwachora ndege ambao sayansi ilikuwa haijawabatiza, wakawapa mchoro, makazi na sauti, na mahali pa jina la Kilatini pakabaki wazi. Wahariri wengine wangewaacha nje mpaka wapate vyeti. Lakini asiyemwona hawezi kumwondoa, na sistikola asiye na jina angemezwa na jirani yake mwenye picha. Anayesimama leo karibu na daraja la Kilombero, Ifakara, na nakala iliyochakaa ya 2002, bado anaweza kuwatenganisha wote watatu.