Dakika ya 28

Mliotazama mashindano ya mapishi Jumamosi mnajua ninakoelekea. Dakika ya 28 mpishi alifungua oveni, mtangazaji akashangilia kwamba "rangi imekubali", na kobla ya epo na beri (matunda yenye mabonge ya unga juu) ikatolewa na kuwekwa juu ya waya kabla katikati yake hapajatokea povu hata moja. Nilisimama nikaiambia televisheni, "Irudishe!" Haikurudi. Kobla ile ilikuwa mbichi, na iliharibiwa na mkono uliokuwa umefanya kila kitu vizuri mpaka hapo.

Maana kazi ya mwanzo sina neno nayo: epo za kijani, ngumu na chachu, vipande vya unene mmoja, siagi baridi ikafikichwa kwa ncha za vidole, donge likaguswa kidogo na kuachwa. (Mtangazaji naye aache kuziita matufaha. Tufaha nililokulia nalo mimi ni lile jekundu, nyama yake nyeupe kama sponji, linanukia waridi kwa mbali. Ukiliweka kwenye oveni utalia.)

Sasa tujiulize rangi ile ilitoka wapi. Ilitoka kwenye brashi. Mabonge ya unga yalipakwa yai, yakanyunyiziwa sukari ya chenga, kisha yakaingizwa kwenye nyuzi 220, feni ikizunguka. Hapo hata kipande cha ubao kingepata rangi. Yai na sukari huwahi kuungua na kutudanganya, na yeyote aliyewahi kuoka maandazi ya oveni analijua hilo. Kilichoiva dakika ya 28 kilikuwa ngozi.

Chini ya ngozi kulikuwa na beri zilizotoka friza moja kwa moja. Tuliziona zikigongana kama kokoto zilipomiminwa. Bakuli zima lilianza safari likiwa baridi, na kornflawa haifungi maji ya matunda kwa kuoneshwa moto tu. Huanza kuvimba nyuzi zikipita 60 hivi, lakini hushika sawasawa zikikaribia 95, yaani mpaka mchuzi utokote, na utokote katikati. Pembeni hutokota mapema kwa sababu bakuli lenyewe lina moto. Kamera ilituletea pembeni hapo hapo, karibu kabisa: povu jembamba la maji, zambarau iliyopauka, linapasuka haraka haraka. Povu la kobla iliyoiva ni zito. Hupanda, hukaa, hupasuka kwa uvivu kama uji wa ulezi unaokaribia kuepuliwa. Katikati palikuwa kimya kabisa.

Na unga nao unategemea katikati hiyo hiyo. Bonge la kobla huokwa na oveni kwa juu, ila kwa chini huivishwa na mvuke wa matunda. Matunda yakiwa baridi, upande wa chini hauna wa kuuivisha. Kijiko kilipozama tuliona wote: maji ya beri yakakimbilia ukingo wa sahani, na tumbo la bonge likavutika, jeupe, linanata kwenye kijiko. Jaji mmoja akasifu "mchuzi". Ule haukuwa mchuzi jamani, yalikuwa maji ya beri yenye kornflawa mbichi!

Dawa ilikuwa mezani. Karatasi ya foili tuliiona kando ya bakuli la sukari. Unaifunika kobla bila kuibana, unashusha moto hadi 180, unaiacha dakika 15 au 20, na baada ya hapo unaipumzisha nusu saa mchuzi ukaze. Yeye aliipakua baada ya dakika tatu.

Wasomaji wa zamani wanajua ugomvi wangu na oveni zenye kioo mlangoni. Kioo kimetufundisha kupika kwa macho. Kobla haikuzaliwa na kioo. Walowezi wa Marekani waliipika kwenye chungu cha chuma chenye miguu mitatu, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, kwa hiyo sisi wa pwani tusibabaike nayo: ni kupalia. Shangazi yangu Tanga alipalia mkate wa kumimina hivyo hivyo, na kifuniko chenye moto juu yake hakifunuliwi kila dakika kuangalia rangi. Alikuwa anainama. Mkono mmoja umeshika kanga isiguse makaa, sikio liko karibu na sufuria, pua inafanya kazi. Akisema bado, ni bado.

Baadaye sana nikasoma habari za Edna Lewis, mpishi aliyezaliwa mwaka 1916 Freetown, Virginia, kijiji kilichoanzishwa na watu waliotoka utumwani, babu yake akiwa mmojawapo. Huyo naye alisikiliza. Alikuwa akiitegea sikio keki, kwani keki mbichi ina vinong'ono vya mapovu ndani, na ikiiva hunyamaza. Sikushangaa hata kidogo, nilimwona shangazi. Kobla ni kinyume chake, huanza kimya na ikiiva ndipo husema. Mpishi wetu alikuwa na kipaza sauti kifuani, na kwa dakika zote 28 sauti iliyosikika jikoni ilikuwa ya mtangazaji.

Kwenye marudio mtazameni jaji wa kulia. Alikwangua ngozi yote, akachagua vipande viwili vya epo, akausukuma ule unga mweupe pembeni ya sahani kwa mgongo wa kijiko. Halafu akainua kibao: nane juu ya kumi.