Mchoro wa Pili wa Nyumba ya Beringi

Programu ya CAD haina ubishi. Ukiiambia ichimbe shimo lenye kona kali chini, itachimba. Anayebisha ni kisu cha kerezo, tena hubisha wakati chuma kimeshanunuliwa. Ndiyo maana nimeweka pamoja michoro miwili ya kifaa kimoja: nyumba ya beringi ya mashine ya kupukuchua mahindi. Wa kwanza unapendeza zaidi machoni. Wa pili ndio unaotengenezeka.

Beringi ni 6204, inayopatikana karibu kila duka la vipuri: tundu mm 20, nje mm 47, unene mm 14. Nyumba ziko mbili, moja kila mwisho wa shafti, na kila moja inafungwa kwenye fremu kwa bolti nne za M8.

Katika mchoro wa kwanza, kiti cha beringi kiko upande mmoja, na shingo inayoingia kwenye tundu la fremu iko upande wa nyuma. Kwenye kioo hakuna kasoro, kwa kuwa duara zote zimechorwa juu ya mhimili uleule. Mkerezaji hana mhimili huo. Anakata upande mmoja, anafungua taya, anageuza chuma, anafunga tena, na taya tatu za kerezo lililochakaa hazikirudishi chuma palepale. Sehemu kadhaa za mia za milimita hupotea hapo. Kipenyo cha kiti, kwa kiwango cha H7, kimeruhusiwa kuzidi 47 kwa 0.025 tu. Yaani tumembana fundi kwenye ukubwa wa kiti, kisha tukakiacha kiti kizima kihame kwa zaidi ya hapo. Anaweza kupatia kila kipimo na bado shafti ikaenda upande.

Mchoro wa pili umehamishia shingo, yenye kipenyo cha mm 60, upande uleule wa kiti. Sasa vyote viwili vinakatwa kabla taya hazijafunguliwa, na kukaa kwake katikati hakutegemei bahati. Kuna gharama: beringi inaingilia upande wa fremu, hivyo atakayeibadilisha ni lazima avue nyumba nzima. Kwa bolti nne, sioni neno. Isitoshe, mabega ya nyumba mbili yanatazamana na kuzizuia beringi zisitoke nje, kwa hiyo vifuniko havihitajiki tena.

Kilichonivutia zaidi ni mpangilio wa hatua ndani ya programu. Msanifu wa kwanza alianza na duara, akaongeza shingo, akaongeza bega, kama mfinyanzi anayebandika udongo. Wa pili ameanza na kipande cha nondo nene ya mm 100 kama kinavyotoka dukani, kisha akaendelea kupunguza tu, kwa zamu ileile atakayoifuata fundi. Upande wa nje haukuguswa kabisa. Nyuma ya bega kuna matundu mawili ya mm 4, ya kupitishia pini ya kuigongea beringi itoke, na yametobolewa kabla ya tundu kubwa la mm 40. Hilo tundu kubwa linaumega ukingo wa yale madogo. Ukigeuza zamu, keekee itaanzia pembeni mwa shimo na kuteleza. Ukisoma hatua zake toka juu hadi chini, umesoma ratiba ya karakana.

Vina vyote amevipima kutoka uso mmoja, ule unaokaa kwenye fremu. Hata kwa programu yenyewe hilo ni salama: katika FreeCAD, hatua zilizoegemezwa kwenye nyuso zilizotokana na hatua nyingine zilikuwa zikivurugika ukibadili kitu cha mwanzo. Toleo la 1.0, la mwishoni mwa 2024, lilipunguza tatizo hilo.

Kona ya chini ya kiti ilimshinda wa kwanza. Aliizungushia mm 3, pengine kwa sababu inapendeza. Kona ya 6204 yenyewe imezungushwa kwa mm 1 hivi, kwa hiyo beringi ingekwama juu ya mviringo bila kufika kwenye bega. Kona kali nayo haikatiki, maana ncha ya kisu ina mviringo wake, mara nyingi 0.4 au 0.8. Mchoro wa pili umeandika 0.8, ukamaliza.

Wa kwanza pia alibandika H7 kila mahali, hata kwenye matundu ya bolti. Wa pili ameibakiza kwenye kiti, akaipa shingo nafasi ndogo ya kuteleza ndani ya fremu, na kwingine kote akakubali kukosea kwa 0.3. Bolti ya M8 inapita kwenye tundu la mm 9 bila kumuuliza mtu.

Ninachokipinga katika mchoro huu wa pili ni kisanduku cha malighafi. Umeandika "chuma" basi. Kipande cha mm 100 kinachouzwa kwa kilo huenda kilikuwa shafti ya lori, kigumu kiasi cha kumaliza visu, na bei aliyoitaja fundi haikuhesabu hilo.